Namna ya Kuwa Mzazi wa Shule ya Mtunda Bila Kumsubiri Mgeni Rasmi

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi, mjomba, shangazi, bibi mwenye wajukuu watano nyumbani, mvuvi, mkulima wa ufuta, mwenye duka na kijana wa bodaboda wa kata ya Mtunda, wilayani Kibiti. Hauhitaji cheti. Unahitaji miguu ya kukufikisha shuleni siku isiyo na sherehe. Siku ya sherehe wote tunaijua njia: kanga zimetoka sandukuni, kanzu zimepigwa pasi, viti vya plastiki vimeazimwa hadi kijiji cha pili, na kila mtu ana taarifa za uhakika kuhusu saa ya pilau kuiva. Mgeni rasmi akishapanda gari lake na kuondoka, watoto wa darasa la tatu bado wana somo la hesabu kesho yake, na bado watahitaji kula. Kazi yetu inaanzia kesho yake hiyo.

Anza na sufuria

Ukitaka kujua kijiji kinaipenda shule yake kiasi gani, fika saa nne asubuhi ukachungulie jiko la shule. Kama kuna moshi, kuna wazazi. Kama mafiga yamepoa na mbuzi wamelala juu ya majivu, hotuba zote za mwaka jana hazikumfikia mtoto tumboni.

Wapo wanaosema elimu ni bure, serikali imemaliza. Tupige hesabu pamoja. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, na tangu mwanzoni mwa 2016 ruzuku ikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kwa shule ya msingi, kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Gawanya kwa siku 194 za masomo: ni shilingi 51 na ushee kwa siku. Hizo ndizo za chaki, karatasi za mitihani, matengenezo ya madawati na mambo ya ofisi. Andazi halimo. Waraka Namba 3 wa 2016 ulitaja wazi yaliyobaki kwa mzazi: sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula cha mtoto anayesoma kutwa. Mwaka 2021 ukatoka mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimu msingi, nao unamkuta mzazi palepale, mbele ya sufuria.

Sasa hesabu ya pili, iliyo tamu zaidi. Kikombe cha uji wa mtoto, tukikadiria gramu 60 za unga, kwa siku 194 kinamaliza kilo 12 kasoro. Debe moja la mahindi lina takriban kilo 18. Kwa hiyo debe moja kwa mtoto mmoja linamvusha mwaka mzima wa uji, na hata ukitoa pumba na hasara ya mashineni, bado kuna akiba. Hili ndilo jambo ambalo wazazi wengi hawajawahi kuambiwa kwa lugha ya debe. Wameambiwa kwa lugha ya “umuhimu wa lishe katika kuinua kiwango cha taaluma”, wakapiga makofi, wakaenda zao.

Debe hilo liombwe lini? Kijiji chenye akili hakiombi Februari. Februari ghala limebaki na vumbi, mpunga bado mchanga shambani, na mama anahesabu vikombe vya unga kwa ajili ya watoto wake mwenyewe. Ukimwomba mwezi huo atakupa ahadi, na ahadi haisagiki. Omba mavuno yanapoingia. Omba ufuta unapouzwa kwenye minada ya vyama vya msingi, pesa zikiwa bado zina joto. Omba tena msimu wa korosho mwishoni mwa mwaka, kwa ajili ya sukari, chumvi na posho ya mpishi. Kamati ya shule ikishika kalenda ya mazao badala ya kalenda ya ofisi, nusu ya ugomvi wa michango inakwisha.

Asiye na mahindi ana kunde au choroko. Asiye na kunde ana muhogo. Mvuvi ana kambale na perege, na siku moja kwa wiki ya mboga ya samaki kwenye sufuria la shule haimfilisi mtu. Asiye na chochote ana mikono ya kuteka maji, kupasua kuni au kushika zamu ya kupika. Andikeni vyote daftarini kwa heshima sawa, na jina la aliyeleta kuni lisomwe kwenye kikao kwa sauti ileile iliyosoma jina la mwenye gunia.

Na hapa sibembelezi mtu: mtoto wa mzazi asiyechangia naye apewe kikombe. Deni ni la mtu mzima, na lifuatwe nyumbani kwa mtu mzima, na mjumbe, jioni, kwa hodi na salamu. Kumtoa mtoto wa miaka minane kwenye foleni ya uji mbele ya wenzake kwa kosa la baba yake ni jambo la aibu, na aibu hiyo ni ya kijiji kizima.

Pesa isipite mkononi mwa mwalimu

Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango katika shule za msingi na sekondari za serikali, baada ya watoto kufukuzwa madarasani kwa kutolipa. Ufafanuzi uliofuata ulisema anayetaka kuchangia kwa hiari yake achangie, lakini utaratibu upitie kwa mkurugenzi wa halmashauri na mwalimu asiwe mkusanyaji. Wapo waliolisikia katazo wakalipokea kama mapumziko ya maisha. Tangu siku hiyo hawajatoa hata fagio.

Utaratibu ni mzuri na unafaa kulindwa. Mwalimu akikusanya pesa, mzazi anamwona mdai, na mtoto anamwona askari. Kwa hiyo jambo lianzie kwenye mkutano mkuu wa kijiji, lijadiliwe, liandikwe kwenye muhtasari, lipelekwe kwa mtendaji wa kata na halmashauri, kisha kamati ipokee kwa stakabadhi. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao, kwa maandishi makubwa, mahali ambapo anayepita kwenda kisimani anaona.

Ruzuku ya serikali nayo isomwe. Ni haki ya mzazi kuuliza, na kuuliza kuna adabu yake. Usisimame ukasema “mmezila”. Sema hivi: “Mwalimu mkuu, tunaomba utusomee ruzuku iliyoingia tangu tulipokutana mara ya mwisho, na ilivyotumika.” Naye mwalimu mkuu asijikunje kana kwamba ametukanwa na ukoo. Achukue faili, asome. Shule ambayo hesabu zake husomwa kila kikao haihitaji kubembeleza michango. Watu huona pesa yao ilipokwenda na mkono hufunguka wenyewe.

Jua mto unasema nini

Huwezi kuelewa utoro wa Mtunda na bonde lote la Rufiji bila kuelewa mto. Wazee wetu waliishi bondeni, karibu na mashamba. Baada ya mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali iliendesha Operesheni Rufiji na watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya maeneo ya juu. Nyumba zikapanda, mashamba yakabaki kulekule chini, kwa sababu rutuba inaletwa na maji. Tangu hapo familia imekuwa na makazi mawili: kijijini na kwenye dungu, kibanda cha kulindia shamba. Mpunga ukianza kutoa, ndege hawasubiri likizo. Lazima watu waamie. Nguruwe na nyani wana ratiba yao, kiboko ana yake. Maji yakipungua, mlau, yaani kilimo cha baada ya maji kushuka, unaanza, na shamba la mlau nalo linataka mtu.

Basi mama akienda kulala shambani wiki nne, mtoto wa darasa la kwanza anaachiwa nani? Mwalimu anayemwandika “mtoro” kila asubuhi yuko sahihi kwenye daftari la mahudhurio, lakini daftari halitamrudisha mtoto. Kinachomrudisha ni mpango wa majirani. Kaya tatu zikubaliane kabla ya msimu: mtu mzima mmoja abaki kijijini na watoto wa kaya zote tatu, wawili waende bondeni, wapokezane. Aliyebaki alimiwe au alindiwe kipande chake, maana kulea watoto saba ni kazi nzito kuliko kufukuza ndege, hata kama haina kelele nyingi. Mjumbe wa kamati wa kila kitongoji awe na orodha ya nani anashuka bondeni mwezi gani na watoto wake wamebaki kwa nani, na nakala ya orodha hiyo apewe mwalimu wa darasa. Kaya zinazopokea ruzuku ya TASAF zina sababu ya ziada ya kuitaka orodha hiyo, kwa kuwa mahudhurio ya mtoto ni sharti mojawapo la malipo yao.

Yakija mafuriko kama ya 2024, yaliyozamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, mpango wote upangwe upya, na upangwe mapema. Kaya iliyopoteza mpunga wake isidaiwe debe. Walio kwenye ardhi ya juu na wenye maduka wapandishe dau mwaka huo. Kamati ikutane hata kama barabara imekatika, maana watoto wa kaya iliyoathirika ndio wa kwanza kupotea darasani.

Ukienda kata za delta zenyewe, Salale, Mbuchi, Msala, Kiongoroni au Maparoni, saa ya ukutani ina mpinzani. Maji yakipwa mtumbwi unakaa juu ya tope, na mwanafunzi aliye ng'ambo anakaa nao. Mwalimu anayejua majira ya kujaa na kupwa hupanga jaribio lake siku ambayo watoto wanaweza kuvuka. Mzazi mwenye chombo na avushe watoto wa wenzake pia, na asipakie kupita kiasi kwa kuwa ni safari fupi.

Mpokee mwalimu mgeni kama mtu

Serikali ikikuletea mwalimu kijana kutoka Kagera au Mbeya, ambaye hajawahi kuona mkoko wala kulala akisikiliza kiboko, wiki yake ya kwanza iko mikononi mwenu. Msimsimulie habari za majini ya kisima cha zamani. Zipo siku nyingi za kuzisimulia, akishapata rafiki. Kwanza mpeni chumba chenye mlango unaofunga, chandarua, na mtu wa kumwonyesha maji yanakotekwa. Mama wa jirani ampelekee sahani ya wali na samaki, aseme, “Karibu, mwanangu, hapa ndipo kwenu,” naye mwalimu atamwamkia shikamoo siku zote zitakazofuata.

Nasema haya kwa sababu mwalimu anayeishi vibaya huomba uhamisho, na aliyeshindwa kuupata huhama kwa roho huku mwili ukibaki ubaoni. Nyumba ya mwalimu ni mradi unaofaa nguvu za wananchi kabla ya ukumbi, kabla ya geti, na hakika kabla ya boma jingine la darasa. Vijiji vyetu vina mapenzi makubwa na maboma. Tunapandisha kuta hadi kwenye lenta, tunapiga picha, kisha tunangoja mabati kutoka halmashauri hadi mbuyu unaota ndani. Kanuni ni hii: lisianzishwe boma la pili kabla la kwanza halijaezekwa.

Mkaribishe kungwi kwenye kikao

Kuna miongozo inayomtaja kungwi kama adui wa shule. Huu haumtaji hivyo. Kwa Wandengereko na Wanyagatwa, unyago na jando ni sehemu ya kulea, na kungwi ana sikio la binti kuliko mwalimu wa nidhamu atakavyowahi kulipata. Mwite kwenye kikao, mpe kiti cha mbele, na mkubaliane mambo mawili. La kwanza ni tarehe: ngoma zifanyike likizo ndefu za Juni na Desemba, na ngoma ya usiku kucha isipigwe kuelekea siku ya masomo. Mtoto aliyecheza hadi alfajiri huja darasani kulala, na hapo hata uji wetu haumsaidii. La pili ni maneno: mwali anapofundwa kuhusu mwili wake na heshima yake, aambiwe pia kwamba shule bado ni yake, kwamba kutoka unyagoni si ruhusa ya kuolewa.

Kwenye hili la kuolewa sina mzaha. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi. Kila mtu anaijua sheria hiyo, na bado mambo humalizwa kifamilia: wazee wanakaa ukumbini, kiasi kinatajwa, mtoto anaonekana mara ya mwisho akiwa na sare. Ukiwa mjumbe wa kamati na umeketi kwenye kikao cha namna hiyo, umeshiriki. Nenda kwa mtendaji, nenda polisi, nenda ustawi wa jamii.

Na msichana aliyekwisha kujifungua arudi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi shule, na ruhusa hiyo inakufa pale ambapo hakuna wa kushika mtoto. Bibi mwenye nguvu, shangazi aliye jirani na shule, chumba chenye kivuli ambapo mama mdogo anaweza kukimbia saa ya mapumziko akanyonyeshe: hivyo ndivyo vitu vinavyohitajika. Wanawake wa vikoba wanaweza kulipanga jambo hili katika mkutano mmoja. Anayemcheka msichana huyo njiani na aitwe pembeni na wazee, aambiwe ukweli wake.

Yupo pia mzazi anayemnong'oneza mtoto wa darasa la saba ajibu vibaya mtihani wa Septemba, ili sekondari isimgharimu. Mzazi huyu huwa tunamlaani, na tunamlaani kwa haki, lakini mfuate umsikilize. Ada iliondolewa 2016, ni kweli, ila sare, godoro na chumba cha kupanga karibu na shule havikuondolewa. Binti anayepanga geto peke yake akiwa na miaka 14 ni hofu ya kweli ya mama wa kweli. Bweni linaijibu hofu hiyo. Na kabla bweni halijajengwa, ndugu wanaokaa jirani na sekondari wafungue milango kwa watoto wa ukoo, wawalee kama wanafunzi, wasiwageuze wafanyakazi wa nyumbani.

Endesha kikao ambacho watu watakirudia

Uongozi wa kijiji Kibiti si kazi ya kuchekwa. Mwaka 2016 na 2017 watu waliuawa katika wilaya za Kibiti, Mkuranga na Rufiji, wengi wao wakiwa viongozi wa vijiji na vitongoji na askari polisi. Kwa kipindi kile, kukubali uenyekiti kulitaka moyo ambao wengi wetu hatuna. Kwa hiyo mwenyekiti anayeita kikao cha shule leo na aheshimiwe: fika kwa wakati, zima redio ya simu, acha mazungumzo ya mpira kwenye mwembe.

Baba wanapatikana Ijumaa baada ya sala. Imamu akiombwa vizuri atatangaza kikao, na mwalimu wa madrasa, anayewaona watoto walewale kila jioni, anajua nani amekonda na nani haonekani. Mama wanapatikana siku ya vikoba. Tumieni siku hizo, badala ya kupiga kengele Jumatano saa tatu asubuhi na kushangaa kwamba wamekuja wazee sita.

Mkoa wa Pwani ni mmojawapo wa mikoa tisa ya mpango wa Shule Bora, uliozinduliwa Kibaha Aprili 2022, na UWAWA, yaani ushirikiano wa wazazi na walimu, una nafasi yake humo. Chukueni UWAWA mkaushushe hadi darasani. Wazazi wa darasa la pili wakae na mwalimu wa darasa la pili kwenye madawati yaleyale ya watoto wao, magoti yakigusa kidevu, na kila mmoja afungue daftari la mwanawe. Usiyejua kusoma, mwambie mtoto akusomee kwa sauti mistari mitano, kila jioni, ukiwa unapepeta mchele. Akikwama utasikia. Mwambie mwalimu alikwama wapi, na mwalimu mwenye busara atashukuru kuliko angeletewa kuku.

Ajenda ziwe chache, nne zinatosha: mahudhurio, chakula, hesabu, na jambo moja la msimu. “Mengineyo” ipewe robo saa na mtu wa kushika saa, maana humo ndimo vikao vyetu hufia, kati ya ng'ombe walioingia shambani kwa mtu na uchaguzi uliopita. Kila azimio liandikwe na jina la mtu na siku: nani atapeleka mahindi mashineni, nani atakwenda kuzungumza na wazazi wa watoto watatu ambao hawajaonekana, nani atamfuata mtendaji kuhusu mabati. Kikao kijacho kianze kwa kuyasoma majina hayo. Na tarehe yake itajwe kabla mtu hajanyanyuka, baada ya kuhakikisha haigongani na gulio wala na wiki ya kushuka bondeni.